Bangili za Unga

Gereza Kuu, Jengo la Pili
11 Juni 2004

Dada Kalavva,

Nakusalimu wewe na shemeji, na baba mwambie nimemshika miguu. Mimi mzima. Mgongo umepungua kuuma tangu wanitoe kwenye kufuma mazulia na kunipeleka kwenye tanuri la mkate.

Nina habari, lakini kwanza kaa chini, na uape hutaisoma kwa sauti dukani.

Amekuja mwalimu wa michezo ya jukwaani, Bwana Umapati, mzee mwembamba kama ufito, lakini akikohoa tu jengo zima linanyamaza. Ameruhusiwa kutufundisha mchezo mmoja, na siku yenyewe watakuja wageni na wakubwa wa magereza. Amechagua ule wa zamani wa malkia anayefiwa na mfalme, ambao babu alikuwa akiimba vipande vyake akilima. Nilijua nitapewa mfalme. Kifua ninacho, sauti ninayo. Mfalme kapewa Imamsab, fundi cherehani. Mimi nimepewa malkia.

Usicheke. Najua unacheka.

Bwana Umapati anasema malkia hana masharubu. Nikamwambia baba yangu yu hai, kwetu mtu hanyoi. Akasema basi niulize nyumbani. Ndiyo nauliza.

Na lipo jambo jingine linalonitoa jasho. Sehemu ya tatu malkia anavunjwa bangili, kama kila mjane wa kwetu. Kitabu kina mstari mmoja tu: malkia anavunjwa bangili. Hayo mengine, anasema mwalimu, ni juu yangu. Sasa mimi nitajulia wapi? Siku hiyo wanaume wote hufukuzwa uani. Mama naye alitangulia kabla ya baba, na bangili zake mkononi, kwa hiyo kwetu hata mlio wake sijausikia. Niulizie kwa wanawake. Nani anashika mkono, nani anapiga, mwenyewe anasema nini.

Wakili ameandika. Rufaa itasikilizwa Novemba. Anasema tukishikilia yale yale, kwamba marehemu Sangappa ndiye aliyeinua jembe kwanza na mimi nilijikinga tu, kifungo cha maisha kinaweza kuwa miaka saba. Sita nimeshakaa. Dada, naweza kuwa nyumbani msimu ujao wa pilipili.

Ndugu yako,
Ningappa


Kenchanahalli
27 Juni 2004

Malkia mtukufu,

Nimecheka mpaka shemeji yako akatoka kuoga na povu kichwani kuuliza nani kapatwa na nini. Wewe! Wewe uliyemfukuza kinyozi kwa sababu alikupunguzia ncha moja ya masharubu!

Baba nilimsomea. Akasema, "Mtoto wa kiume hunyoa masharubu babake akifa. Mimi bado nakula." Akaendelea kula. Jioni akaniita mwenyewe: "Mwandikie anyoe. Lakini ayaoteshe upesi, nisije nikafa akakosa cha kunyoa." Basi ruhusa umepata.

Hilo la bangili umenitia matatani. Nilikwenda kwa shangazi Gangavva, na kabla sijamaliza kuuliza ameshashika ufagio. "Una mume ndani, unauliza habari za kuvunja bangili? Unamtakia nini?" Nikaenda bombani kumuuliza mjane wa mhunzi, akaondoka na ndoo nusu bila kunijibu. Sasa kijiji kizima kinamtazama shemeji yako kama mtu mwenye siku chache. Jana mtu kamletea ndimu. Yeye hana hata mafua.

Mimi mwenyewe sijaona. Sisi wenye waume hufungiwa nje kama nyinyi wanaume tu. Mwambie mwalimu wako abuni.

Kuhusu rufaa, tulia. Kila anayeniuliza namjibu kama ulivyosema mahakamani: ndugu yangu hakuanza, jembe aliinua yule. Miaka sita sijabadilisha neno, na wengine wamenikatia salamu kwa hilo. Kitanda chako nimekianika juani.

Kalavva


Gereza Kuu
9 Julai 2004

Dada,

Nimenyoa. Mdomo wa juu unapulizwa na upepo, nahisi kama nimetoka nje bila shati. Imamsab ananiita "mke wangu" hata kwenye foleni ya chakula, na mimi namjibu kwamba mume gani huyu asiyeleta hata sukari.

Kioo hakiruhusiwi humu, kwa hiyo bangili tunazitengeneza tanurini. Tunakanda unga mgumu, tunauviringa, tunauoka mpaka ukauke kabisa, kisha tunapaka rangi ya kijani. Zikipigwa zinapasuka vizuri. Kila mazoezi navunja kumi na mbili, na panya wa jukwaani wamenenepa.

Lakini mimi mwenyewe sifai. Nalia nikijipiga kifua, nagaagaa chini, na Bwana Umapati ananitazama tu. Jana akasema, "Ningappa, unalia kama mtu anayetaka aonekane analia." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Usiku mzima niliona aibu, sijui kwa nini, maana ni mchezo tu.

Jaribu tena kuuliza. Nakuomba.

Ningappa


Kenchanahalli
1 Agosti 2004

Ningappa,

Soma barua hii peke yako.

Juzi nilikuwa naanua pilipili. Nikaona mtu amesimama mlangoni, haingii. Paravva. Mke wa Sangappa, ndiyo, huyo huyo. Miaka sita tukikutana njiani yeye anashika upande wa mashamba na mimi upande wa nyumba. Nikajua amekuja kututukana. Nikaanza kutafuta la kumjibu.

Akasema, "Nasikia unatafuta mwanamke wa kukueleza bangili zinavunjwaje. Niulize mimi."

Nikabaki na kapu mkononi. Nikamwambia, dada, sikukutafuta wewe. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuja." Kisha akauliza, "Ni kweli ndugu yako ndiye mke anayefiwa mchezoni?" Nikasema ni kweli. Akatingisha kichwa. Akaketi kizingitini akaanza kusema, na mimi naandika kama alivyosema, maana alinitaka niandike hivyo.

"Jioni ya kuamkia siku niliyofiwa, muuza bangili alipita. Mwenyewe, mume wangu, alikuwa ameniambia ningoje tuuze pilipili kwanza. Sikungoja. Nilivaa za kijani dazeni mbili, zimebana, yule mzee alizipitisha kwa mafuta. Asubuhi ile mwenyewe akaziona, akanuna. Nami nikajibu. Sikujibu vizuri. Akachukua jembe akaenda kwenye zamu yake ya maji ya mfereji bila kula. Alfajiri ile ndiyo ya mwisho.

"Siku ya kumi na moja wakaniweka kizingitini. Wajane watatu. Mmoja alishika kiwiko, mmoja alishika vidole, wa tatu alikuwa na jiwe la kusagia. Bangili zilikuwa mpya, hazikutaka kuvunjika. Alipiga mara nne, tano, ndipo ya kwanza ikapasuka na kunikata. Wote wakaningojea nilie. Na mimi nilikuwa namsikia nyati wangu wa maziwa zizini anavyolalamika, chuchu zimemjaa. Nikauliza, 'Nani amemkamua?' Wakasema nimerukwa na akili. Sikulia. Mwambie asilie. Mwanamke siku ile hayupo hapo wanapomshika mkono. Yuko kwenye kazi ambayo haijafanywa."

Kisha akasimama. Nilidhani amemaliza. Akasema, "Mimi nimempa. Sasa na yeye anipe. Mahakamani waliuliza jembe lilikuwa mkono gani, waliuliza zamu ilikuwa ya nani. Hakuna aliyeuliza mume wangu alisema nini. Alikuwepo mtu mmoja tu. Nataka kujua alisema nini asubuhi ile, na kama alikufa amenikasirikia. Hata kama ni neno baya. Nimelala nalo miaka sita bila kulijua."

Nikamwambia nitakuandikia. Hakutaka maji, hakutaka chochote. Alipoondoka nikagundua sijamkaribisha ndani.

Mpe anachotaka, kaka yangu. Neno lolote unalokumbuka. Wewe huna la kuficha.

Kalavva


Gereza Kuu
19 Agosti 2004

Dada Kalavva,

Barua yako nimeipata. Mpe Paravva shukrani zangu, kama atazipokea. Nilimsomea Bwana Umapati ile sehemu ya nyati, akaivua miwani na kuifuta muda mrefu. Akasema malkia hana nyati lakini mfalme ana farasi, kwa hiyo nitauliza kama farasi amenyweshwa. Imamsab amenishonea ukanda wa sari ili isinivuke nikikaa. Chakula ni kile kile, dengu zaidi ya wali. Mvua zimeanza huku, paa la karakana linavuja pale pale pa mwaka jana. Je, huko mmepanda? Baba anakohoa bado?

Kuhusu lile aliloliuliza, mwambie mambo yalikuwa ya haraka mno. Sikumbuki kama alisema kitu.

Ningappa


Kenchanahalli
4 Septemba 2004

Ningappa,

Nilimpelekea jibu lako nyumbani kwake. Safari hii mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

Nilimsomea barua yote, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ameandika mistari mingapi kuhusu paa?" Nikamwambia mmoja. Akasema, "Mtu anayekumbuka paa lilivuja wapi mwaka jana, na hili halikumbuki." Akarudi kwenye kinu chake. Nilipogeuka kuondoka akaongeza, "Anaficha. Lakini mwambie acheze vizuri."

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya binti yake kwamba ndugu yangu amefungwa, ameteseka, lakini mwongo hajawa. Nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka. Naona aibu kwa kelele, lakini kwa maneno sioni.

Kama kuna kitu unakumbuka hata kidogo, andika, tumnyamazishe.

Tunapanda kesho. Baba anakohoa.

Kalavva


Gereza Kuu
27 Septemba 2004

Dada Kalavva,

Barua hii utaisoma mbele ya Paravva. Nakuomba usiruke neno, hata utakapotaka kuruka. Hasa hapo.

Juzi tumecheza. Walikaa wafungwa mia nne chini, wageni kwenye viti. Nilipotoka na sari ya kijani walipiga miluzi, mtu akapiga kelele, "Malkia, olewa na mimi!" Hata msimamizi alicheka. Nikaendelea hivyo hivyo na miluzi yao mpaka sehemu ya tatu.

Wakanishika. Mmoja kiwiko, mmoja vidole. Jiwe likapiga na unga ukaruka. Nilikuwa nimeambiwa nisilie, na sikulia. Niliwatazama nikauliza, "Farasi wake amenyweshwa?" Hakuna aliyepiga mluzi tena. Nikauliza mara ya pili, maana kweli nilitaka kujua. Dada, sijui nikueleze vipi. Sikumwona farasi. Nilikuwa kizingitini kwa Paravva, na mkono ule ulikuwa wake, na nilijua ni nani aliyeuweka pale. Miaka sita nilikuwa nasema "lile jambo". Jambo gani? Nilimuua mume wa mtu akiwa hajala.

Mchezo ulipokwisha watu walisimama. Wengine walikuwa wanalia, watu ambao ukiwajua huamini. Mimi nilikwenda nyuma ya pazia bila kuwainamia.

Nilimwambia Imamsab kila kitu. Yeye akasema, "Mwandikie huyo mjane kwamba mumewe alimtaja kwa jina, akasema anampenda, imekwisha. Atafurahi na wewe utashinda rufaa Novemba." Nilijaribu. Niliandika barua hiyo, ilikuwa nzuri sana, na nikaichana. Paravva aliniambia ukweli wake, hata nyati hakumficha. Siwezi kumlipa kwa maneno ya kubuni.

Paravva, sasa nakuandikia wewe.

Jua lilikuwa limeanza kutoka. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, ile ilikuwa yako na ya mumeo. Mimi nilikuwa bado sijamaliza kumwagilia mistari miwili ya pilipili na nilikuwa nimejaa hasira tangu wiki iliyotangulia, kwa sababu ya mpaka wa mashamba yetu. Sangappa alikuja. Hakuinua jembe. Alililaza kwenye nyasi. Akainama kufungua mfereji kwa mikono, mgongo wake ukiwa kwangu. Na alikuwa anacheka. Nilidhani ananicheka mimi. Nikapiga kwa mpini wa jembe langu, mara moja, kutoka nyuma. Hakuniona nikiinua mkono.

Aliyoyasema ni haya, akiwa ameinama, kabla sijapiga. Nayakumbuka yote, sijawahi kuyasahau hata siku moja. Alisema: "Maliza upesi basi, kaka Ningappa, nirudi nyumbani. Nimemnunia mke wangu kwa sababu ya bangili, na zimempendeza, mjinga mimi. Sasa njaa inaniuma, na nikirudi itabidi nianze mimi kuongea." Ndipo akacheka. Alikuwa anajicheka mwenyewe.

Hakusema kitu kingine. Nilimtoa kichwa kwenye maji lakini alikuwa ameshakwenda.

Haya nilipaswa kuyasema mahakamani. Niliogopa. Sikuombi unisamehe.

Ningappa

Naongeza hapa chini. Afisa anayesoma barua zetu aliniita. Akaniuliza kama nimepata homa, maana nakala itaingia kwenye jalada na wakili wa serikali ataiona kabla ya Novemba. Nikamwambia naomba tu apige mhuri. Aliushika ule mhuri muda, kisha akapiga.

Kalavva, wewe ulinisemea miaka yote. Sijui nikwambie nini.


Kenchanahalli
16 Oktoba 2004

Ningappa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu.

Nilisoma. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye "hakuinua jembe" nikaishusha barua, Paravva akangoja, akaniletea maji, nikanywa, nikaendelea. Wewe hujui nimegombana na nani na nani kwa ajili ya jembe lile. Niliacha kwenda harusi ya binti wa shangazi kwa ajili ya jembe lile. Nakuchukia kidogo, na nitakuchukia kwa muda, usiniharakishe. Baba nimemwambia mimi mwenyewe, asije akasikia bombani. Aligeukia ukutani. Kesho yake akaniuliza kama huko mnapewa blanketi, maana baridi inakuja. Ni hilo tu alilosema, na mimi nalituma.

Wakili anasema rufaa imekufa. Nilimwambia najua.

Paravva alinitaka nirudie yale ya njaa. Nikarudia. Akasema, "Tena." Mara ya tatu akaweka mkono mdomoni, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ni yeye kabisa," alisema. "Angekuja angezunguka zunguka uani, angemsalimu nyati kwanza." Ndipo akalia. Alilia pale sakafuni kwa sauti, bila kujificha, na binti yake akaja kumshika, na mimi nikakaa nao mpaka jua likazama. Nilichambua mchele uliokuwa kwenye ungo.

Kuhusu wewe hakusema kitu. Hajasema amekusamehe na mimi siwezi kukuandikia kwamba amesema. Alipokuwa ananisindikiza aliuliza tu kama watu walikaa kimya ulipouliza habari za farasi. Nikamwambia umeandika kwamba walikaa kimya wote. Akasema, "Afadhali."

Jumatano ilikuwa siku ya kuwapikia marehemu. Binti yake anasema miaka yote mama yake humwekea baba yake kidogo tu kwenye jani, wali na chumvi, kama mtu anayemlisha mgeni asiyejua kama ameridhika, kisha huingia ndani upesi asione kama kunguru watakuja kula, maana marehemu mwenye kinyongo huwazuia. Mwaka huu alianza kupika alfajiri. Alichoma rotti, ile mikate ya mtama, akakaanga bilingani zilizojazwa karanga, akatengeneza maandazi ya dengu na siagi, jani likajaa mpaka likakunjika pembeni. Akalipeleka mwenyewe nje, akalitua juu ya ukuta. Mimi nilikuwa upande wangu wa njia, nilimwona. Hakuingia ndani. Alisimama pale pale, mkono kiunoni, kama mwanamke aliyemngoja mtu muda mrefu, akasema, "Haya, kula."

Kalavva